Jina la Ukoo Medina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapotaja jina la ukoo la Kihispania Medina mbele ya wasomaji wa Kiswahili, la kwanza kuulizwa ni kama linahusiana na mji wa Mtume, na la pili ni kama wenye jina hilo ni Waislamu. Baada ya kuyajibu hayo mawili mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nimeona niyaweke pamoja na mengine yanayokuja nyuma yake. Yameanzia kwa yaliyo mepesi na kuishia kwa yale yanayohitaji kukaa chini na nyaraka. Palipokwisha kujibiwa sikurudia, nimeelekeza tu.

## Mwanzo wa jina

Medina maana yake nini?

Mji. Ni neno la Kiarabu, *madina*, lililobaki Uhispania kutoka enzi za watawala Waislamu, tangu majeshi yao yalipovuka mlango wa bahari mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Sisi pia tunalo, ila limejificha: neno letu *utamaduni* limetoka kwa *tamaddun*, yaani kuishi maisha ya kimji, na hilo shina lake ni lilelile la *madina*.

Kihispania kimejaa maneno ambayo mtu wa pwani anayatambua akiyatega sikio. *Azúcar* ni sukari. *Aceituna* ni tunda la mzeituni. *Alcalde*, yaani meya, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi, na *aduana*, forodha, ni ndugu wa neno letu diwani. Medina imo katika kundi hilo.

Je, jina limetoka Madina ya Mtume?

Si moja kwa moja. Mji wa Mtume, ambao zamani uliitwa Yathrib, nao ulipewa jina hilo kwa sababu ni neno la kawaida lenye maana ya mji. Jina la ukoo la Kihispania limetoka kwenye miji iliyoko Uhispania kwenyewe, iliyoitwa Medina kwa sababu hiyohiyo. Neno ni moja, njia ni mbili.

Basi wenye jina hili ni uzao wa Waarabu au Waislamu?

Jina peke yake halithibitishi hivyo. Mkazi wa Dar es Salaam anaishi katika mji wenye jina la Kiarabu bila yeye kuwa Mwarabu, na ndivyo ilivyo kwa mtu wa Medina. Wakristo waliitwa Medina, Wayahudi waliitwa Medina, na Waislamu waliobatizwa kwa nguvu nao waliitwa Medina. Habari za makundi haya ziko chini, katika sehemu ya kuenea kwa jina.

Miji hiyo ya Medina ni ipi?

Ipo kadhaa, na inayotajwa zaidi katika historia ya jina ni hii: Medina del Campo na Medina de Rioseco, zote mkoani Valladolid; Medina de Pomar huko Burgos; Medina Sidonia karibu na Cádiz, kusini kabisa; na Medinaceli mkoani Soria, ambayo jina lake la Kiarabu lilikuwa Mji wa Salim. Karibu na Córdoba kuna magofu ya Medina Azahara, jumba la fahari ambalo Khalifa Abd al-Rahman III alianza kulijenga karibu mwaka 936. Hiyo ya mwisho haikuacha majina mengi ya ukoo, kwa sababu iliporwa na kuachwa tupu mapema mno, mwanzoni mwa karne ya 11.

Yenye uzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Medina del Campo. Katika karne ya 15 na 16 magulio yake yalikuwa miongoni mwa makubwa ya Ulaya. Sufi ya Castilla, ufalme wa katikati ya Uhispania, vitambaa vya Flanders, vitabu na viungo vilibadilishana mikono pale, na hati za hawala zililipwa huko kwa madeni yaliyofanywa Antwerp au Lyon. Kanisa la San Antolín lina roshani inayoutazama uwanja mkuu. Siku za gulio padri alisomea misa juu ya roshani hiyo, wafanyabiashara wakaisikiliza wakiwa wamesimama kwenye mabanda yao, mkono mmoja ukifanya ishara ya msalaba na mwingine haujabanduka kwenye bidhaa. Malkia Isabel, yule aliyemwezesha Columbus kusafiri, alifia mjini humo tarehe 26 Novemba 1504. Mwaka 1520 wakazi walikataa kuwapa wanajeshi wa mfalme mizinga iliyokuwa ikienda kuipiga Segovia, na mji ukateketezwa kwa moto.

Mji wa namna hiyo, unaovuta watu kutoka kila upande kisha kuwatawanya, ndio hasa unaozaa majina ya ukoo.

Kwa nini miji ya kaskazini, ambako Waislamu hawakukaa sana, ina jina la Kiarabu?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya uhamiaji. Katika karne ya 9 na ya 10, wafalme wa Kikristo walipokuwa wakilijaza watu upya bonde la mto Duero, walihamia huko pia Wakristo kutoka kusini waliokuwa wakizungumza Kiarabu, ambao Wahispania huwaita *mozárabes*. Walikwenda na lugha yao, wakaviita vitu kwa maneno waliyoyazoea. Kwa hiyo si kila Medina ilipewa jina na Mwislamu.

Mji uligeukaje kuwa jina la mtu?

Fikiria mtu anayeitwa Mpemba. Pemba kwenyewe hakuna wa kumwita hivyo, maana kila mtu ni Mpemba. Anapofika Tanga na kufungua duka, hapo ndipo anakuwa Mpemba, na duka lake linakuwa duka la Mpemba. Ndivyo Wahadhrami walioshuka kutoka bandari ya Shihr walivyokuwa Washihiri kwetu, na wengine Washirazi kwa kudai asili ya Shiraz.

Uhispania ilikuwa hivyohivyo. Juan aliyeondoka Medina kwenda Sevilla akawa *Juan de Medina*, Juan wa kutoka Medina, ili asichanganywe na akina Juan wengine kumi wa mtaa ule. Mtoto wake, aliyezaliwa Sevilla na ambaye huenda hakuwahi kuiona Medina, akaendelea kuitwa hivyo. Jina hili basi ni alama ya kuondoka. Linatwambia kwamba wakati fulani, mtu fulani alifunga mizigo yake, na majirani wapya wakamwita kwa mahali alikotoka. Ukilishika hilo, maswali mengi yaliyobaki yanajijibu.

Kwa hiyo akina Medina wote ni ukoo mmoja?

Hapana. Miji ni mingi, na kila mmoja ulitoa watu wengi, katika karne tofauti, wasiojuana. Medina wa Lima na Medina wa Manila wanaweza kuwa hawana hata babu mmoja wa pamoja upande wa jina. Hilo ni tofauti na majina kama al-Mazrui, ambayo ni ya kabila lenye nasaba inayosimuliwa.

## Jinsi jina linavyotumika

Linatamkwaje?

Mswahili ana bahati hapa. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama lugha yetu inavyotaka: me-DI-na. Ile *d* ya katikati Wahispania huilegeza, ikawa karibu na *dh* ya dhahabu. Tamka "Medhina" bila kukaza na utaeleweka Madrid na Bogotá.

Kwa nini mtu mmoja ana majina mawili ya ukoo?

Kwa sababu Mhispania hubeba la baba na la mama. Chukua mfano wa kutunga, Ana Medina López: Medina ni la kwanza la baba yake, López ni la kwanza la mama yake. Akizaa na mwanamume anayeitwa Ruiz Gómez, mtoto kwa desturi atakuwa Ruiz Medina. Jina la Medina halifi kwa mwanamke. Linasogea nafasi ya pili, na kizazi kinachofuata ndipo hudondoka.

Tangu sheria ya 1999 wazazi wanaweza kukubaliana kutanguliza la mama. Tangu tarehe 30 Juni 2017 la baba halina tena upendeleo wa moja kwa moja: wazazi hutaja mpangilio wanaoutaka, na wasipoelewana msajili huamua kwa maslahi ya mtoto. Mpangilio watakaouchagua kwa mtoto wa kwanza huwafunga wadogo zake pia.

Mwanamke akiolewa anabadili?

Habadili. Ana Medina López atazikwa Ana Medina López.

Kwenye fomu zetu niandike lipi kama jina la ukoo?

Yote mawili, katika nafasi ya jina la ukoo. Niliwahi kumsindikiza rafiki Mhispania kwenye ofisi moja, na karani akaliweka jina lake la kwanza la ukoo kwenye nafasi ya "jina la kati", akabaki na la mama yake tu kama jina lake rasmi. Kibali kikatoka kwa jina ambalo pasipoti haikulijua, na ilituchukua wiki kadhaa kulirekebisha. Ukiona orodha ya majina ya Kihispania, tafuta kwanza herufi ya jina la baba, si neno la mwisho.

Kosa hilohilo huwakumba hata wakubwa. Rais wa Venezuela wa miaka ya 1941 hadi 1945 ni Isaías Medina Angarita. Ukimtafuta, anza na Medina. Angarita ni upande wa mama.

Wareno na Wabrazili nao hufanya hivyo?

Wao hugeuza. La mama hutangulia na la baba hukaa mwisho. Mwanamichezo Gabriel Medina wa Brazil, bingwa wa dunia wa kuteleza kwenye mawimbi mwaka 2014, 2018 na 2021, jina lake kamili ni Gabriel Medina Pinto Ferreira, na Medina ni la upande wa mama.

Wasomaji wa Nairobi na Zanzibar wenye majirani wa asili ya Goa wamezoea majina ya Kireno: Fernandes, Rodrigues, Pinto. Ukitaka kujua kama jina ni la Kireno au la Kihispania, tazama mwisho wake: Wareno huandika *-es*, Wahispania *-ez*. Kwa Medina kanuni hiyo haisaidii, kwa sababu nchi zote mbili huliandika sawasawa. Fernando Medina, aliyekuwa meya wa Lisbon kuanzia 2015 hadi 2021, ni Mreno.

"De Medina" ni ya watu wenye cheo kuliko "Medina" tupu?

Si kweli. *De* ni kiunganishi tu, kama *wa* yetu katika "Juma wa Tanga". Mkulima alikuwa nayo na mtukufu alikuwa nayo, na makarani waliiacha au kuiandika walivyojisikia. Mtu mmoja anaweza kuwa "Medina" kwenye ubatizo wake na "de Medina" kwenye ndoa yake.

Jina lilianza lini kurithishwa bila kubadilika?

Polepole sana, na hapa ndipo watafutaji wengi hupotea. Katika karne ya 16 na ya 17 ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti: mmoja la baba, mwingine la mama, wa tatu la bibi aliyemwachia urithi. Mshairi Luis de Góngora alijulikana kwa jina la mama yake, ilhali baba yake alikuwa Francisco de Argote. Mchoraji Velázquez naye, Velázquez ni ya mama. Baba yake alikuwa Rodríguez de Silva.

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, uliagiza kila parokia iweke vitabu vya ubatizo na ndoa, na vitabu hivyo vikaanza kuyabana majina. Lakini mpangilio wa majina mawili tunaoujua leo ulisimikwa na serikali kwa sheria ya usajili wa raia ya 1870, iliyoanza kazi mwaka 1871.

## Kuenea kwa jina

Lilifikaje Amerika?

Kwa meli zilizotoka Sevilla. Tangu 1503 kulikuwa na ofisi ya serikali huko, Casa de la Contratación, iliyosimamia kila kitu cha kwenda ng'ambo, na msafiri alitakiwa kuwa na kibali. Kibali kilitaja jina lake, mji wake na wazazi wake. Watu waliokuwa wameshaondoka Medina kwenda Andalucía, kusini mwa Uhispania, wakaondoka tena, safari hii kuvuka bahari.

Wa kukumbukwa kati yao ni Bartolomé de Medina, mfanyabiashara wa Sevilla aliyefika Pachuca, Mexico, mwaka 1554. Aliacha mke na watoto nyuma, akaanza kujaribu kuitenganisha fedha na mawe kwa zebaki. Mawe ya madini yalisagwa yakawa unga, yakachanganywa na maji, chumvi na zebaki, yakatandazwa kwenye uwanja wa wazi, kisha yakakanyagwa wiki kadhaa hadi fedha ishikamane na zebaki. Njia hiyo ilitumika Amerika kwa zaidi ya miaka mia tatu. Fedha iliyopatikana ilifika hadi China, na zebaki iliua na kulemaza wachimbaji wasiohesabika. Yote mawili yaandikwe pamoja.

Visiwa vya Canary vina nafasi gani?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gran Canaria ilitekwa kabisa mwaka 1483, Tenerife 1496, na wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kihispania. Mpaka leo Medina ni jina la kila siku Gran Canaria. Kutoka visiwa hivyo watu walihamia Cuba, Puerto Rico, Venezuela na kwingineko, kwa hiari au kwa kusukumwa na ukame na umaskini. Mwaka 1731 familia za Canary zilifika hadi Texas na kuanzisha mji ambao leo ni San Antonio. Mtu wa Caracas mwenye jina hili, akianza kutafuta Valladolid kabla ya kuuliza Las Palmas, mji mkuu wa Gran Canaria, huenda anaruka hatua muhimu.

Je, Medina ni jina la Kiyahudi?

Limebebwa na Wayahudi wengi, lakini si la Kiyahudi kwa asili. Kuna imani iliyoenea kwamba kila jina la Kihispania linalotokana na mji ni la Myahudi aliyebatizwa. Imani hiyo haina msingi, kwa sababu Wakristo walioitwa kwa miji yao walikuwa wengi zaidi.

Lakini walikuwapo. Amri ya kuwafukuza Wayahudi ilitiwa saini Granada tarehe 31 Machi 1492, na wakapewa miezi minne tu kuuza nyumba na mashamba yao na kuondoka. Wengi walipokelewa katika dola ya Waturuki wa Osmani. Huko Salonika, mji ulioko Ugiriki ya leo, waliyaita masinagogi yao kwa majina ya mahali walikofukuzwa: Castilla, Aragón, Lisbon. Mwanachuoni mkubwa wa sheria wa mji huo katika karne ya 16 aliitwa Samuel de Medina, na hukumu zake zinasomwa hadi leo. Mwaka 1700 mfanyabiashara Solomon de Medina, aliyelisha majeshi, alipewa cheo cha ushujaa na Mfalme William III, akiwa Myahudi wa kwanza Uingereza kupata heshima hiyo bila kuacha dini yake.

Nikifikiria watu waliofukuzwa wakiendelea kujiita kwa jina la mji uliowakataa, karne baada ya karne, naona jina hili lina uzito ambao kamusi haiwezi kuuonyesha.

Na Waislamu waliobatizwa?

Waliitwa *moriscos*. Karibu watu 300,000 walifukuzwa kati ya 1609 na 1614, wengi wakavuka kwenda Afrika Kaskazini. Baadhi yao walibaki na majina ya Kihispania hata baada ya kurudi wazi kwenye Uislamu, hasa katika miji ya Tetouan na Rabat nchini Morocco. Mfano ulio wazi ni Abdelkhalek Torres, kiongozi wa harakati za uhuru aliyezaliwa Tetouan mwaka 1910: jina lake la kwanza ni la Kiislamu, la ukoo ni minara kwa Kihispania.

Kuna watu wa asili ya Kiafrika wanaoitwa Medina?

Wapo, katika visiwa vya Karibi na bara la Amerika. Wengi wao jina lilitoka kwa aliyewamiliki mababu zao au kwa aliyesimama kama baba wa ubatizo. Kwa hiyo mtu huyo hawezi kulifuata jina hadi Castilla na kudhani amefika nyumbani. Jina linamfikisha kwa mmiliki tu.

Lakini kuna jambo ambalo msomaji wa Kiafrika anapaswa kulijua. Makarani wa Kihispania waliwaandika watumwa pia kwa mahali walikotolewa, kwa mantiki ileile ya Juan de Medina: Congo, Angola, Mina, Carabalí, Lucumí. Kule Mexico waliandikwa pia watu wa Mozambique. Baadhi ya majina hayo bado ni ya ukoo Colombia na Ecuador. Mabeki wa Colombia, Yerry Mina na Jhon Lucumí, wanaingia uwanjani wakiwa na jina la pwani ya Afrika Magharibi mgongoni. Juan wa Medina aliondoka kwa miguu yake. Hawa walichukuliwa.

Ufilipino je?

Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería aliamuru kwamba familia zisizo na jina la ukoo lililorithiwa kwa muda mrefu zichague kutoka orodha iliyochapishwa. Orodha iligawanywa kwa miji, kiasi kwamba kuna sehemu karibu kila ukoo ulianza na herufi moja. Mfilipino mwenye jina la Kihispania, basi, kwa kawaida hana babu Mhispania kwa sababu ya jina hilo. Medina wapo huko, na wengi wao hawana uhusiano wowote na mji wa Medina zaidi ya jina lenyewe.

Nani mashuhuri wamelibeba?

Mbali na waliokwisha kutajwa: Pedro de Medina, ambaye kitabu chake cha urambazaji kilichapishwa Valladolid mwaka 1545 na kutafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya, Danilo Medina, rais wa Jamhuri ya Dominika kutoka 2012 hadi 2020, na José Toribio Medina wa Chile, aliyeishi kati ya 1852 na 1930. Huyu wa mwisho nampenda kipekee. Alitumia maisha yake akizunguka hazina za nyaraka za Amerika na Ulaya, akiorodhesha kila kilichochapishwa katika makoloni ya Hispania, kisha akaiachia Maktaba ya Taifa ya Chile mkusanyiko wake wote.

## Kutafuta mababu

Nianzie wapi?

Nyumbani, kwa mzee aliye hai. Andika majina yote mawili ya kila mtu, kwa sababu "José Medina" peke yake ni sindano ndani ya ghala la nyasi, lakini "José Medina Urrutia, mke wake Carmen Salas Peña" ni mtu. Kisha rudi nyuma kizazi kwa kizazi. Kwa Uhispania, kuanzia 1871 tumia usajili wa raia. Kabla ya hapo nenda kwenye vitabu vya parokia. Nyaraka za safari za Amerika ziko Sevilla, katika Archivo General de Indias iliyoanzishwa 1785, na nyingi zinaweza kutafutwa bure kwa intaneti kupitia PARES, mfumo wa hazina za nyaraka za serikali ya Uhispania.

Usianzie Medina del Campo ukishuka chini. Utakusanya watu wengi wasiokuhusu.

Nisomeje kumbukumbu ya zamani?

Kwa subira na kioo cha kukuzia. Makarani waliandika *Medyna* kwa *y*, bila herufi kubwa, na walifupisha majina ya kwanza: *Mª* ni María, *Frco* ni Francisco, na *Xpoval*, linalotisha ukiliona mara ya kwanza, ni Cristóbal.

Maneno mawili yatakuokoa: *natural de* na *vecino de*. La kwanza linataja mahali mtu alikozaliwa, la pili mahali anakoishi. Kumbukumbu ikisema bwana harusi ni *natural de* kijiji fulani na *vecino de* Sevilla, umeshapata kituo kinachofuata cha safari yako. Watu hulisoma *vecino* kama "jirani", kwa kuwa ndivyo linavyomaanisha leo, wakapita wakiwa wameikanyaga njia yenyewe.

Vipimo vya vinasaba vitaniambia natoka Medina ipi?

Haviwezi. Vinaweza kuonyesha kwamba wewe na mtu mwingine mna babu wa pamoja, na hilo lina faida. Ila kumbuka jibu la lini jina lilianza kurithishwa: kwa vizazi kadhaa jina halikufuata baba daima, hivyo mstari wa kiume na mstari wa jina si lazima viende pamoja.

Nimeona nembo ya ukoo wa Medina inauzwa. Ninunue?

Usinunue. Nembo zilitolewa kwa mtu au nasaba fulani, si kwa kila mwenye jina. Kama mababu zako walikuwa na hadhi hiyo, kuna uwezekano wa kukuta kesi yao katika nyaraka za mahakama kuu ya Valladolid, ambako watu walishtaki ili watambuliwe kuwa watukufu wasiotozwa kodi.

## Maswali ya pembeni

Mtawala (*duque*) wa Medina Sidonia, aliyeongoza meli dhidi ya Uingereza mwaka 1588, alikuwa Medina?

Hapana. Medina Sidonia ni cheo chake, ambacho nasaba yake ilikuwa nacho tangu 1445. Jina lake ni Alonso Pérez de Guzmán. Medinaceli nayo ni cheo cha namna hiyohiyo.

Jina hili linaweza kunipatia uraia wa Uhispania?

Sheria ya mwaka 2015 iliwafungulia mlango uzao wa Wayahudi waliofukuzwa, lakini muda wa kuomba ulifungwa mwaka 2019, na hata wakati ule jina pekee halikutosha. Tahadhari na yeyote anayekuuzia "orodha rasmi ya majina".

Binti yetu anaitwa Madina. Ni jina lilelile?

Hapana. Madina wa Uganda au Tanzania amepewa jina kwa heshima ya mji wa Mtume, na ni jina lake binafsi. Tazama swali la pili hapo juu: neno moja, njia mbili.

Mto Medina ulioko Texas umetokana na ukoo huu?

Ndiyo, kwa namna fulani. Alonso de León aliupa jina hilo mwaka 1689 alipopita na msafara wake, na huelezwa kuwa ni la Pedro de Medina, yule wa kitabu cha urambazaji. Neno la Kiarabu lilikuwa mji, mji ukawa jina la mtu, na mtu akawa mto unaotiririka hadi kuungana na mto San Antonio, chini kidogo ya mji ule waliouanzisha watu wa Canary.